Dalali kukataa kukwambia Waswahili wanaishi mtaa gani, hapo kosa liko wapi?

Kuna jamaa kaandika kwamba madalali wa nyumba huku Marekani wana roho mbaya, ati alimuuliza mmoja "Waafrika wenzangu wako mtaa upi" akapigwa kimya, na naona wengi mmemuunga mkono. Mi nasema dalali alifanya sawa. Msinirukie bado.

Nilishamsindikiza shangazi kutafuta nyumba, tuko kwenye gari ya dalali, shangazi anauliza majirani ni watu gani, wapo wa kwetu? mi natafsiri, dalali macho barabarani tu, mwisho akasema mama nioneshe kwenye ramani unapotaka, nitakuletea kila nyumba unayoimudu. Shangazi akanigeukia, "huyu mbona anaringa?" Bongo dalali angekwambia mpaka jirani anayekoroma.

Sasa sio maringo jamani, ni sheria ya makazi ya 1968, ile Rais Johnson aliisaini wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, dalali haruhusiwi kukusogeza wala kukuepusha na mtaa kisa rangi, dini au ulikotoka. Leo kakupeleka kwa wenzako kwa kuwa umeomba, kesho mimi ananipeleka hukohuko bila kuniuliza, kaniona sura tu. Na wanafanya hivyo! Gazeti la Newsday lilituma watu wajifanye wanunuzi kule Long Island, jimbo la New York, hali zao zinafanana ila rangi tofauti, 2019 likatoa majibu: weusi walitendewa tofauti kwenye asilimia 49 ya majaribio yao.

Wa kumkalia kooni ni yule anayesema "mwenye nyumba hataki watoto". Familia zenye watoto ziliingizwa kwenye hiyo sheria 1988, na "nimetumwa tu" haimwokoi dalali, hata ofisi anayoifanyia kazi inabeba mzigo. Una mwaka mzima kupeleka malalamiko HUD, wizara ya nyumba ya huku. Ila sisi wenye watoto sita tukiambiwa nyumba imeshachukuliwa, na tangazo bado liko dirishani, tunasema asante tunaondoka zetu.

Shangazi kwa wenzake alifika, aliyemwelekeza ni mama muuza unga wa ugali, na huyo hana leseni ya kupoteza. Haya, mnaosema dalali alikosea, mlitaka amjibu nini?