Kikundi cha utafiti wa hesabu kubwa kwa umeme kidogo, hapa Lubumbashi: tuanze kupima nini?

Asistanti wa Kasapa aliuliza:

Jambo wakubwa, jambo wadogo. Mimi ni asistanti wa chuo kikuu, upande wa uhandisi. Tumepata seva nne za zamani, prosesa mbili kila moja, na kuna wanafunzi wanaotaka kuzitumia kwa kazi zao za mwisho wa masomo. Tunachokokotoa ni mwendo wa maji ya chini ya ardhi, kwa programu iitwayo MODFLOW, maana huku kila shimo la mgodi lina pampu zake na lazima mtu aulize maji yale yanatoka wapi na yanaacha visima vya nani vikavu. Tunaendesha nakala nyingi kwa pamoja, kila moja na vigezo vyake, usiku kucha. Umeme ukikatika, tunaanza upya. Jenereta ipo, lakini mafuta ni ya kuchangishana.

Sasa sitaki kikundi chetu kichukue umeme kama balaa la kuvumilia tu. Nataka uwe ndio utafiti wenyewe. Duniani kuna watu wanaofanya hivyo: orodha ya TOP500, tangu 1993, hupanga kompyuta kwa kasi, na mwaka 2007 watu wa Virginia Tech wakaanzisha Green500, inayouliza kila wati imetoa hesabu ngapi. Mwaka 2022 Frontier ya Oak Ridge, Marekani, ilivuka hesabu bilioni bilioni kwa sekunde, ikila kama megawati (MW) 21. Bwawa letu la umeme la Nzilo lina turbini nne, jumla MW 108. Mashine ile moja ingemeza karibu turbini nzima!

Swali langu: sisi wa seva nne tupime nini kwanza? Na je, kushusha kasi ya prosesa kunapunguza umeme kweli? Mwenzangu anasema ikienda polepole inakaa muda mrefu, basi faida hakuna.

Yaya (ndugu mkubwa) wa Kampemba alijibu:

Mdogo wangu, nimefurahi sana kusoma hili. Nimekaa na mitambo ya namna hiyo miaka mingi kabla sijarudi nyumbani, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kuacha kuhangaikia wati. Pimeni umeme wa kazi nzima, tangu inapoanza hadi jibu linapotoka.

Mwenzako ana haki, lakini si kwa kazi yenu. Tuseme seva inakula wati 120 hata ikikaa bure. Kwa kasi yote inakula 300 na kumaliza kwa saa 10: kilowati-saa (kWh) 3. Shusha masafa ya prosesa, yaani kasi yake, hadi nusu, ikawa wati 210. Kama kazi ni ya kukokotoa tupu, itachukua saa 20: kWh 4.2. Mmepoteza, kwa sababu zile 120 za bure mmezilipa kwa muda maradufu.

MODFLOW ni mambo mengine. Matriksi zake, yaani majedwali ya namba, zimejaa sifuri, na prosesa muda mwingi inangoja namba zifike kutoka kwenye memori, hasa nakala nyingi zikigombania memori moja. Anayengoja hana haja ya kukimbia. Ukishusha masafa kiasi, kazi ikaisha kwa saa 11 na seva ikala wati 230, hiyo ni kWh 2.53. Tena masafa yakishuka, volti nayo inaweza kushuka, na umeme wa kuwasha na kuzima transista unafuata mraba wa volti. Faida kubwa inatoka hapo.

Kwenye Linux, amri ya cpupower itawashushia masafa. Kama prosesa ni za Intel, kizazi cha Sandy Bridge na kuendelea, zina kihesabu cha umeme cha ndani kinachoitwa RAPL, na amri ya perf inakisoma. Lakini RAPL haioni feni, diski wala kinachopotea kwenye pawasaplai. Kwa hiyo tafuteni pia mita ya kuchomeka ukutani, na muandike namba zote mbili.

Kijana wa Ruashi:

Samahani wakubwa. Umeme wetu unatoka kwenye maji: Nzilo, Nseke, Mwadingusha, na Inga kwa ile laini ya karibu km 1,700 hadi Kolwezi. Hautoi moshi. Huu si utafiti wa nchi za makaa ya mawe?

Asistanti wa Kasapa:

Ndugu, maji hayatoi moshi, lakini megawati zina foleni. Migodi, hospitali, mama wa Katuba mwenye friza ya samaki, wote wako kwenye foleni hiyo, na sisi pia. Na umeme ukiondoka, kila kWh tunayoendelea nayo ni ya dizeli. Mimi naona utafiti huu ni wetu kabla ya kuwa wa mtu mwingine.

Mzee Fundi, Kamalondo:

Wanangu, kinachowala kuliko vyote ni kazi inayorudiwa. Umeme ukikatika saa nane baada ya kuanza, wa saa hizo zote umekwenda bure. Hifadhini hali ya hesabu njiani. Kila baada ya muda gani? John Young alitoa kanuni mwaka 1974: zidisha mbili kwa muda wa kuhifadhi, kisha kwa wastani wa muda kati ya hitilafu, halafu tafuta kipeuo cha pili. Kuhifadhi kukichukua dakika 2, na umeme ukikatika kila saa 6, ni kipeuo cha 1,440, yaani kama dakika 38.

Ila Young aliwaza hitilafu zinazokuja ovyo. Delestaji, yaani mgao wa umeme, mara nyingi ina saa zake. Wekeni daftari la saa umeme ulipoondoka na uliporudi. Baada ya mwaka mtakuwa na data nzuri ya makala. UPS nayo, ile betri ya akiba, iunganisheni na seva kwa programu ya NUT, iamuru kuhifadhi mara tu betri inaposhika kazi.

Yaya wa Kampemba:

Mzee amesema kweli. Na klimu, mashine ya kupoza hewa, msikimbilie kununua. Mwaka 2002 Wu-chun Feng na wenzake wa Los Alamos waliendesha Green Destiny, prosesa 240 kwa kama kW 3, ndani ya bohari lenye vumbi na joto la nyuzi 30 hivi, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, bila klimu. Nyinyi mko kwenye 1,200 na kitu, na mashika (baridi) ya Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Ingizeni hewa ya nje kupitia chujio. Vumbi la kiangazi ndilo la kuogopa, na joto la Oktoba.

Asistanti wa Kasapa:

Aksanti sana, yaya. Aksanti mzee. Mita naitafuta wiki hii. Lakini MODFLOW tunaihifadhije katikati?

Mzee Fundi, Kamalondo:

Iambie iandike vimo (viwango) vya maji kwenye faili kila hatua ya muda. Umeme ukirudi, chukua vimo vya hatua ya mwisho iliyokamilika, viweke kuwa hali ya kuanzia, na uendeshe muda uliobaki tu. Mpe mwanafunzi mmoja aandike skripti ya kufanya hivyo yenyewe.