Holliday karudishwa Norfolk baada ya mechi 10. Mnawaonaje wachezaji wapya msimu huu?

Mtanga wa Baltimore | Jumamosi, 27 Aprili 2024

Wakuu, heshima kwenu. Najua humu tunaofuatilia besiboli ni wachache, lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu jana na nataka kusikia wenzangu mnasemaje.

Jana Ijumaa Orioles, timu yetu ya Baltimore, wamemrudisha Jackson Holliday ligi ya chini, Norfolk. Mechi kumi tu! Kijana wa miaka 20, ndiye aliyechaguliwa wa kwanza nchi nzima klabu zilipogawana vijana mwaka 2022, na baba yake Matt Holliday alichukua ubingwa na timu ya Cardinals mwaka 2011. Alipopandishwa Aprili 10 walimpa jezi namba 7, aliyokuwa akiivaa kocha wetu wa zamani, marehemu Cal Ripken Sr., na hapa Baltimore jezi hiyo haivaliwi na kila mtu. Kasimama kupiga mara 34, kapata hiti 2 tu, yaani mapigo ya kumfikisha besi (kituo) salama; wastani wa .059. Mara 18 katolewa kwa straiki, yaani kashindwa mipira mitatu mizuri.

Niwaeleze kwanza nimeingiaje kwenye mchezo huu. Nafanya kazi ya kutunza wazee, naingia saa tisa alasiri natoka saa tano usiku. Kuna mzee mmoja wa miaka 88 ndiye mwalimu wangu. Macho yameisha nguvu, kwa hiyo mechi anaisikiliza kwenye kiredio chake kidogo, nami nikimlisha au nikimpaka mafuta miguuni ananifafanulia. Miaka mitatu iliyopita sikujua hata straiki ni kitu gani. Kwetu Tanga tulizaliwa tukakuta Coastal Union na African Sports, basi. Sasa mzee akisema tu "ngoja, atamrushia wa kupinda," naelewa.

Mechi ya ufunguzi mwaka huu, Machi 28, sitaisahau. Siku mbili kabla yake meli ilikuwa imeligonga daraja la Francis Scott Key usiku wa manane na kuliangusha. Walikufa wafanyakazi sita waliokuwa juu yake wakiziba mashimo ya barabara, wote wahamiaji, watu wa zamu ya usiku kama wengi wetu humu. Kabla mpira haujarushwa uwanja mzima wa Camden Yards ulinyamaza. Redioni ukasikika ule ukimya. Mzee alinishika mkono, na mimi nikawa nawaza wake zao wanaupitishaje usiku huo.

Halafu akaja mrushaji wetu Corbin Burnes. Huyu tumempata Februari kutoka Milwaukee, tukawapa vijana wawili na nafasi ya kuchagua mchezaji. Raundi ya kwanza tu Mike Trout wa Angels akampiga homurani, mpira ukavuka ukuta, nikasema tumepigwa. Mzee hakusema neno. Baada ya hapo Burnes akawazima. Raundi sita, hiti ni ile moja tu ya Trout, akawatoa 11 kwa straiki, na hakumpa mtu hata mmoja besi ya bure kwa kumrushia mipira minne mibaya. Tukashinda 11 kwa 3. Anarusha mpira unaokuja kama wa kasi wa kawaida, ukikaribia unakata kidogo pembeni, na mpigaji anaugusa kwa shingo ya gongo badala ya tumbo lake. Kwangu mimi huyo ndiye mgeni aliyelipa mapema kuliko wote.

Na Colton Cowser je? Mwaka jana alipandishwa kwa mara ya kwanza akapata hiti 7 kwa mara 61, akaonekana hafai. Mwezi huu kachaguliwa mchezaji bora wa wiki wa ligi ya American, mojawapo ya mbili zinazounda Ligi Kuu. Kwa sababu jina lake linaanza na "cow", ng'ombe kwa Kiingereza, akisimama kupiga watu wanalia "muuu" kama ng'ombe jioni wanaporudi zizini. Mara ya kwanza nilishtuka, sasa nalia nao kwa nguvu zote.

Narudi kwa Holliday. Jumapili ya Aprili 14 nilikuwa mapumziko, nikaenda mwenyewe. Ndiyo siku aliyopata hiti yake ya kwanza, dhidi ya Milwaukee, na watu walisimama utadhani tumechukua kombe. Machozi yalinilengalenga. Lakini niliona kitu kingine pia: mpira wa kasi ukija usawa wa kifua alikuwa anachelewa, gongo linapita mpira umeshafika kwa mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji. Akijitahidi kuwahi, anarushiwa wa polepole unaozama, anapiga hewa.

Mzee amekasirika tangu jana. Anasema mwaka 1982 Cal Ripken Jr., mwana wa yule wa jezi namba 7, ilipofika Mei Mosi alikuwa na wastani wa .117, na mwaka uliotangulia alipata hiti 5 tu kwa mara 39. Kocha Earl Weaver hakumtoa. Mwisho wa msimu homurani 28 na tuzo ya mchezaji mpya bora. "Weaver alimwacha acheze," ndivyo anavyosema, karudia labda mara nne jana usiku.

Mimi sijui nisimame wapi, kwa sababu nilimwona kijana kwa macho yangu na alikuwa anazama. Wakuu, klabu imekosea au imemwokoa? Na kwenye timu zenu, ni mgeni gani kawashangaza?

Mama Wawili, Lowell | 27 Aprili

Kaka Mtanga, pole na hongera kwa kumtunza huyo mzee. Mimi ni Mkenya wa hapa Massachusetts, Red Sox ya Boston damu, na huyo Cowser wenu ametutesa Fenway, uwanjani kwetu, mpaka nikazima runinga. Huyo mnaweza kukaa naye!

Mimi niko upande wa mzee. Mechi kumi si kitu. Mpishi mpya humfukuzi kwa sufuria moja ya ugali iliyoshika chini. Angalia mrushaji Mjapani Yoshinobu Yamamoto wa Dodgers: dola milioni 325 kwa miaka 12, halafu mechi yake ya kwanza kule Seoul mwezi Machi akatoka baada ya raundi moja, kafungwa pointi tano. Magazeti yakapiga kelele. Mechi iliyofuata raundi tano, pointi sifuri. Ungemhukumu kwa Seoul ungesema wamenunua gari bovu.

Mgeni aliyenishangaza ni Mjapani mwingine, Shota Imanaga wa Cubs. Jana alikuwa hapa Fenway na akatukalisha, raundi sita na zaidi, pointi moja tu. Si mrefu. Mpira wake hauna kasi ya kutisha, kama kilomita 148 kwa saa, na ukitaka kumjua kwa mashine ya kupima kasi utampita. Siri yake ni mzunguko. Anaurusha juu na unakataa kushuka, wapigaji wetu wote walikuwa wanapiga chini yake. Mechi yake ya kwanza Aprili Mosi alicheza raundi sita bila pointi, tisa kwa straiki. Cubs walimpata kwa milioni 53 za miaka minne. Nalia kwa nini sisi hatukumchukua.

Kinda wa Temeke | 28 Aprili

Wakuu samahani, naomba kueleweshwa. Naona watu wanaandika .059, .117. Hiyo ni asilimia au nini? Huku Dar kuna vijana wanacheza, nimewahi kusimama kuwatazama, lakini hesabu zao zinanipita.

Mtanga wa Baltimore | 28 Aprili

Karibu sana mdogo wangu, wala usiombe samahani. Chukua hiti ugawanye kwa mara alizosimama kupiga, ukiondoa zile alizopewa besi ya bure na mambo mengine machache. Holliday: 2 gawanya kwa 34 unapata .059. Hiti ni pale unapoupiga mpira ukafika besi salama bila wapinzani kukosea. Mpigaji mzuri wa Ligi Kuu anapata kama .300, yaani mara kumi anafanikiwa tatu. Nilipofundishwa hilo ndipo nilipoanza kuupenda mchezo. Mtu anashindwa mara saba kati ya kumi na wanamwita bingwa.

Ila mara 34 ni chache mno kumpima mtu. Mipira mitano ikidondoka mahali pengine ungekuwa unasoma .206 na wala tusingekuwa tunaongea hapa.

Mdakaji wa Lugazi | 28 Aprili

Ndugu zangu, salamu kutoka Uganda. Mimi ni mdakaji, nimecheza tangu mtoto, na sasa nafundisha watoto. Ninyi mnaongea kwa moyo, niruhusuni niongee kwa kazi.

Mpira wa kilomita 153 kwa saa unachukua kama sehemu nne za kumi za sekunde kutoka mkononi mpaka kwenye glavu yangu. Katika muda huo mpigaji lazima auone, aamue, azungushe. Hakuna nafasi ya kufikiri. Mwili uwe umeshajua. Holliday mwaka jana alipita ngazi nne za ligi za chini ndani ya msimu mmoja, wastani .323. Kila alipopanda alizoea haraka. Lakini Ligi Kuu warushaji wana kitu ambacho kule chini hakipo: wakiona udhaifu wako leo, kesho timu nyingine inaujua. Wewe Mtanga uliona juu kifuani. Basi ujue na wao waliona, na mdakaji kama mimi haombi kitu kingine mpaka uonyeshe unaweza.

Mdakaji aliye nyuma ya mpigaji husikia pumzi yake. Mtu aliyeingiwa na hofu unamjua kwa namna anavyolishika gongo, vidole vinakuwa vyeupe. Huyo ukimwacha acheze kila siku, anajifunza kuogopa. Ndiyo maana nasema klabu imefanya vizuri.

Mzee wako ana Ripken, na mimi nina mwaka 1951, New York. Willie Mays alianza na hiti moja kwa mara 26, akamwomba kocha amrudishe chini, kocha akakataa. Mwaka huohuo, mji huohuo, Mickey Mantle walimrudisha ligi ya chini, Kansas City, katikati ya msimu, akapandishwa tena Agosti. Mmoja aliachwa, mmoja alirudishwa, na wote wawili wako kwenye jumba la mashujaa Cooperstown.

Nyumbani tunajua maana ya kungoja. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto kule Williamsport, na mpaka 2022 ndipo Dodgers wakasaini vijana wetu wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Hao walianzia chini kabisa ya ngazi. Dennis Kasumba naye mwaka jana alikuja huko kwenu Maryland, timu ya Frederick. Kama ulimwona, nieleze.

Mtanga wa Baltimore | 29 Aprili

Ndugu Mdakaji, nilikwenda Frederick! Ni kama saa moja kwa gari. Nilipiga kelele kwa Kiswahili kutoka jukwaani, "Twende kaka!", sina hakika kama alinisikia. Nilipoona jina Kasumba pale uwanjani nilisimama wima kama wimbo wa taifa unapigwa.

Hayo ya vidole vyeupe yamenigusa. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilikuwa nachanganya vyumba na dawa za kupaka, mikono inatetemeka. Muuguzi mmoja mtu mzima akaniomba kwa mkubwa wetu nikae naye zamu yake wiki mbili, nisipewe watu peke yangu. Nilikasirika, niliona wamenishusha cheo. Kumbe ndizo wiki mbili zilizonifundisha kazi. Sikuwahi kuliweka jambo hilo pamoja na besiboli mpaka nilipokusoma.

Nimemsomea mzee maneno yako, nikimtafsiria. Kuhusu Mantle alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Huyo mwambie anajua mpira." Halafu akasema bado Weaver asingemrudisha.

Mama Wawili, Lowell | 29 Aprili

Mzee hashuki! Msalimie sana.

Mtanga wa Baltimore | Alhamisi, 1 Agosti 2024

Wakuu, naufufua uzi huu, nadhani mnajua kwa nini.

Jana wamempandisha Holliday tena. Raundi ya tano, dhidi ya Toronto, besi zote tatu zina watu. Nilikuwa chumbani kwa mzee, redio iko juu ya kabati, yeye amesinzia. Tangu Mei hana nguvu kama zamani, analala sana. Mtangazaji akapandisha sauti, mpira ukapita upande wa kulia, ukavuka ukuta, ukatua nje Mtaa wa Eutaw. Homurani yake ya kwanza Ligi Kuu, na kaleta watu wanne nyumbani kwa pigo moja.

Nilisita kumwamsha. Lakini Aprili alikuwa ameniambia, kijana akipiga niamshe hata kama ni saa nane za usiku. Nikamgusa bega. Nikamwambia Holliday kapiga homurani.

Akauliza, macho bado kafumba: "Wangapi walikuwa besini?"

Nikamwambia zote, babu. Zote tatu.

Akanionyesha kwa kidole nimsogezee redio karibu na sikio.