Nimesikia moyo wa mtoto kwenye video, kwa mama sikuusikia

Mwanafunzi, Uvinza: Shikamooni wakubwa. Nasoma uuguzi na ukunga mwaka wa pili, niko mazoezini kwenye zahanati kando ya Ziwa Tanganyika. Masomo mengine tunapata kwa video. Mtandao unashika juu ya mawe nyuma ya mwalo, basi napanda alfajiri, napakua, nashuka. Ile sauti ya moyo wa mtoto nimeisikiliza hadi naiota. Juzi nikaweka fetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni, kwenye tumbo la mama, kimya. Nilitetemeka. Nakosea wapi?

Mkunga, Kasulu: Marahaba mwanangu, pole. Video imekupa sauti, haijakufundisha mkono. Papasa kwanza utafute mgongo wa mtoto, moyo husikika vizuri upande huo. Ukishaweka fetoskopu, iachie, ibaki kati ya sikio na tumbo. Huku umeshika mshipa wa mama mkononi, usije ukahesabu mapigo yake. Hesabu dakika nzima: 110 hadi 160 ndiyo kawaida. Ukikosa, mwite mkubwa wako papo hapo, usione haya.

Tabibu, Kibondo: Na feni izimwe, mlango ufungwe! Video ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua itazame pia, ila omba mdoli na begi la hewa ufanye mwenyewe.

Mwanafunzi, Uvinza: Ahsanteni sana. Leo nimeupata, kushoto chini ya kitovu, 138. Mama akaniuliza, "Yupo?" Nikamwambia yupo.