Je, ni lazima nipandishe suruali ndipo nipewe kiti?

Abiria wa Githurai aliuliza:

Hamjambo nyote. Mimi husafiri kwa treni ya alfajiri kutoka Githurai hadi stesheni kuu ya Nairobi siku tano kwa wiki. Mguu wangu wa kulia ni wa bandia kuanzia chini ya goti, lakini nikivaa suruali ndefu na viatu hakuna anayeutambua, na kwa kawaida hilo hunifurahisha. Tatizo ni kusimama. Kifundo cha mguu wa bandia hakihisi sakafu, kwa hivyo treni inapofunga breki mimi hubaki nikining'inia kwa mkono mmoja, na behewa likifurika hata pa kushika hapapatikani.

Wiki iliyopita nilimwomba kijana mmoja anipishe. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akasema, "Mzee, mbona uko sawa tu?" Nilipandisha suruali hadi chuma kikaonekana. Alisimama mara moja, na abiria wengine watatu wakasimama pamoja naye, nikabaki mbele ya viti vinne vitupu nikiona haya kana kwamba mimi ndiye niliyekosea. Ambaye ulemavu wake hauonekani aombe vipi kiti bila kugeuzwa kioja?

Karani wa Mjini alijibu:

Pole sana, ndugu. Kijana yule hakuwa na haki ya kukudai ushahidi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kuufikia usafiri wa umma, wala hakisemi kwamba lazima ulemavu wenyewe uonekane kwa macho. Hata hivyo, Katiba haipandi treni saa kumi na mbili asubuhi, kwa hivyo nitakueleza ninavyofanya mimi mwenye baridi yabisi. Siliombi behewa zima, maana ombi la wote halina mwenyewe. Humchagua mtu mmoja, nikamsalimu, kisha nikamwambia, "Nina shida ya miguu na siwezi kusimama hadi mjini, tafadhali nipishe." Ugonjwa siutaji. Akikataa, humgeukia jirani yake bila kujibizana.

Kule London, tangu mwaka 2017, abiria hupewa beji ya kuomba kiti, na anayeivaa halazimiki kueleza maradhi yake. Ningeipenda hapa kwetu, ingawa najua kesho yake ingekuwa inauzwa River Road kwa kila mwenye usingizi.

Fimbo Nyeupe alijibu:

Kwangu mambo ni kinyume, kwa sababu ulemavu wangu unaonekana mno. Fimbo yangu ikigusa tu mlango wa behewa, mikono hunikamata kutoka kila upande: mmoja hunivuta bega, mwingine huninyanyua kwapani, na wa tatu huinyakua fimbo eti isinisumbue, ilhali fimbo hiyo ndiyo inayonipimia pengo lililopo kati ya ukingo wa stesheni na treni. Nia yao ni njema, sikatai. Lakini anayetaka kunisaidia aulize kwanza, "Shangazi, nikusaidie?", kisha anipe kiwiko nikishike mwenyewe, atangulie nusu hatua.

Tena si kila siku ninayotaka kiti. Nikisimama karibu na mlango huhesabu vituo kwa masikio. Nikiketishwa katikati kwa lazima, Makadara hunipita nikiwa bado ninaomba njia.

Mlinzi wa Usiku alijibu:

Mimi hutoka kazini alfajiri baada ya kusimama langoni usiku kucha, na nakiri kwamba kuna siku nimefumba macho kusudi nilipoona magongo yakipanda. Sijitetei. Ninachotaka kusema ni kwamba wengi wetu tunaojifanya tumelala huwa tunatumaini jirani ndiye atakayesimama. Karani amesema kweli: mtu akinitazama mimi na kuniambia, "Kijana wangu, nipishe," usingizi ule wa uongo hauna pa kujificha. Suruali iache ilivyo, mzee.

Abiria wa Githurai alijibu:

Nawashukuru. Leo nilijaribu njia ya Karani: nikamchagua mama mmoja aliyevaa koti zito, nikamsalimu na kumweleza shida ya mguu. Alitabasamu, akafungua vifungo viwili vya koti, akaniambia, "Mzee wangu, hata mimi hapa tuko wawili." Nilimwomba radhi kwa haraka, naye akamgusa bega mwanamume aliyeketi kando yake, ambaye alinipisha bila neno. Nimegundua kwamba na mimi nilikuwa nimemkagua kwa macho kama nilivyokaguliwa.

Shangazi wa fimbo, nina swali moja: anayekupa kiwiko asimame upande wa fimbo au upande wa pili?

Fimbo Nyeupe alijibu:

Upande wa pili, ndugu yangu. Na kama mlango ni mwembamba, arudishe mkono wake nyuma ya mgongo, nami nitajua kwamba napaswa kumfuata nyuma.