Nataka kusomea usalama na afya mahali pa kazi hadi shahada: nianzie upande gani?

Fundi wa Pasua, Moshi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni fundi mitambo katika kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi. Nina stashahada ya uhandisi mitambo, na tangu mwaka juzi nimekuwa mwakilishi wa usalama na afya wa wafanyakazi wenzangu, kazi ambayo naipenda lakini naifanya kwa kubahatisha.

Msimu uliopita mama mmoja kibarua, ambaye hufagia chini ya mashine ya kukoboa, aliniita kando, akafungua khanga aliyokuwa amejifunga puani na mdomoni, akanionyesha upande wa ndani. Palikuwa na madoa mawili ya kahawia, ya mviringo, pale pua ilipogusa nguo. Akaniuliza, "Mwanangu, hiki kinachopita hapa kikaingia kifuani ni kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Niliomba barakoa, zikaletwa, na baada ya wiki mbili nusu ya vibarua walikuwa wamezivua kwa sababu ya joto.

Naomba kueleweshwa kama fani hii ni ya wahandisi, ya watu wa afya au ya wanasheria, kwa sababu kila ninayemuuliza ananielekeza kwake. Naomba pia kujua kama ni busara kuanza na cheti cha kimataifa kinachosomwa kwa njia ya mtandao, au niende moja kwa moja kwenye shahada.

Afisa Usalama, Njiro

Mdogo wangu, swali la huyo mama lina jibu, na njia ya kulipata ndiyo iliyonifanya niipende fani hii nilipokuwa mwaka wa pili. Mfanyakazi hufungwa pampu ndogo kiunoni, mpira wake hupandishwa hadi kwenye ukosi wa shati, na chujio huwekwa karibu na pua, mahali anapovutia pumzi. Pampu ikivuta lita 2 kwa dakika kwa saa 8, chujio litakuwa limepitisha lita 960 za hewa, yaani pungufu kidogo ya mita moja ya ujazo. Chujio hupimwa uzito kwenye mzani wa maabara kabla na baada ya kazi, na kama limeongezeka miligramu 3, mama huyo alikuwa anavuta hewa yenye takribani miligramu 3.1 za vumbi kwa kila mita ya ujazo. Hiyo ndiyo namba unayoweza kuiweka mezani kwa meneja, ukailinganisha na kikomo cha vumbi kinachoruhusiwa, ukairudia baada ya marekebisho ili ionekane kama yamesaidia.

Uzito peke yake hautoshi, kwa sababu inabidi kujua vumbi limebeba nini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wa Bergen, Norwei, walipima viwanda vya kahawa hapa nchini na kukuta endotoksini, sumu inayotokana na kuta za bakteria, ambayo husumbua njia ya hewa. Kahawa aina ya robusta inayokaushwa na maganda yake ilitoa vumbi na endotoksini zaidi kuliko arabika inayooshwa kama ya kwenu. Kwa hiyo kemia na biolojia utazihitaji.

Hesabu nayo usiikwepe. Mashine moja ikitoa kelele ya desibeli 85, ukawasha ya pili inayolingana nayo kando yake, hupati 170 bali 88, kwa sababu desibeli huhesabiwa kwa logarithimu. Na kwa kipimo kinachotumika katika nchi nyingi, ambapo 85 huruhusiwa kwa saa 8, kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu, hivyo penye 88 mtu akae saa 4 tu. Asiyeielewa hesabu hii ataona tofauti ya 3 kuwa ndogo na kuwaacha watu wapoteze usikivu mbele ya macho yake.

Kuhusu barakoa, nakuomba usikate tamaa na wala usiwalaumu vibarua. Tunafundishwa kwamba vifaa kinga huja mwisho kabisa, baada ya kujaribu kuondoa kihatarishi chenyewe, kukibadilisha na chenye madhara madogo, kukidhibiti kihandisi na kupanga upya utaratibu wa kazi. Angalia kazi ya huyo mama: ufagio mkavu unaliamsha upya vumbi lililokwisha kutua, na yeye ndiye aliye karibu nalo kuliko wote. Mashine ikifunikwa na kuwekewa feni ya kunyonya vumbi pale linapotokea, na sakafu ikasafishwa kwa kifyonza vumbi badala ya ufagio, utakuwa umemlinda bila kumfunga chochote usoni. Wewe fundi mitambo ndiye unayeweza kulichora bomba hilo, jambo ambalo mimi niliyetokea afya ya mazingira hulazimika kuomba lifanywe na mwingine.

Nesi Mstaafu, Sanya Juu

Mwanangu, mimi nakuja kwa upande wa wodini. Nimeuguza wanaume waliotoka kwenye machimbo ya tanzanaiti Mirerani, wengine hawajafika miaka arobaini, ambao hawawezi kutoka kitandani hadi dirishani bila kukaa njiani. Walitibiwa kifua kikuu wakapona, lakini pumzi haikurudi. Vumbi la silika, yaani la mwamba unaochorongwa, linaloharibu mapafu ni lile lisiloonekana kwa macho, la mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu, wakati unywele wa mtu una mikroni kama 70. Likishaingia hadi ndani kabisa, pafu hujijengea makovu ambayo hayana dawa, na mtu huyo hubaki katika hatari kubwa ya kupata kifua kikuu hata baada ya kuacha kuchimba. Huku kwetu Siha tuna hospitali ya Kibong'oto, iliyojulikana tangu enzi za ukoloni kwa tiba ya kifua kikuu, na mchimbaji yeyote wa ukanda huu anaijua njia ya kufika huko.

Kinachoniuma ni kwamba kwa miaka mingi tulimwuliza mgonjwa anakohoa tangu lini, anatoka jasho usiku, amepungua uzito, lakini swali la kazi anayofanya tuliliandika kama la kujaza fomu tu. Daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliwahimiza wenzake tangu mwaka 1700 kumwuliza kila mgonjwa anafanya kazi gani. Chagua chuo ambacho kitakupeleka wodini na mgodini, siyo darasani peke yake. Ukimwona mgonjwa mmoja wa namna hiyo, hutamruhusu mtu kuchoronga mwamba mkavu bila maji.

Mama wa Maua, Usa River

Namheshimu sana dada yangu nesi, na naongeza upande wa sheria, kwa sababu bila huo utabaki unabembeleza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamdai mwajiri apime afya za wafanyakazi na kutathmini vihatarishi. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi ulioanzishwa mwaka 2001, ina ofisi ya kanda hapa Arusha na huendesha mafunzo mafupi ambayo mwakilishi kama wewe unastahili kuyaomba hata kabla ya chuo. Isome pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, maana ugonjwa unaotokana na kazi usipothibitishwa kwa kumbukumbu, familia haipati kitu.

Kuhusu cheti cha mtandaoni, mimi nilianza na kile cha NEBOSH, chombo cha Uingereza cha mitihani ya usalama na afya kazini kilichoanzishwa mwaka 1979, na sikujuta, kwa sababu kilinipa mpangilio wa kufikiri na waajiri wengi wanakitambua. Hata hivyo hakikunifundisha kusoma majibu ya damu. Shambani kwetu wanyunyiziaji wanaotumia viuatilifu vya jamii ya oganofosfati hupimwa kolinesterasi, kimeng'enya ambacho sumu hiyo hukishusha, na kinachotakiwa ni kulinganisha kiwango cha mtu na kiwango chake mwenyewe kabla ya msimu, kwa kuwa watu hawalingani. Mwaka wa kwanza sikuwa nimepima kabla, na mkononi nilikuwa na karatasi za majibu ambazo hazikuniambia lolote. Shahada ndiyo iliyonifundisha kosa langu.

Fundi wa Pasua, Moshi

Shikamoo mama zangu, na kaka yangu wa Njiro asante sana. Leo asubuhi nimewaomba watu wa usafi wasifagie mashine ikiwa inazunguka, na msimamizi amekubali tujaribu kwa wiki hii. Swali lililobaki ni moja: stashahada yangu ya mitambo itanifungulia mlango wa shahada ya afya ya mazingira?

Afisa Usalama, Njiro

Hapo uwe mwangalifu. Fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, usome sehemu ya waombaji wenye stashahada kwa kila programu, kwa sababu programu za afya mara nyingi hutaka stashahada ya afya, na ufaulu mzuri wa mitambo hauwezi kuziba pengo hilo. Njia ninayoiona ni nyepesi kwako ni shahada ya uhandisi, kisha uzamili: Muhimbili wanayo shahada ya uzamili ya afya ya mazingira na afya kazini, lakini waandikie kwanza uwaulize kama wanapokea wahandisi, kabla hujalipa ada ya mahali pengine. Ukipata chuo cha nje kinachofundisha kwa mtandao, iulize Tume kama tuzo yake itatambuliwa.

Wakati unasubiri, nunua daftari. Andika tarehe, tani zilizokobolewa, nani alifagia, milango ilikuwa wazi au imefungwa, na nani alikohoa. Na huyo mama mwulize yuko pale tangu msimu gani.