Mrejesho: Amnesia: The Bunker, mlango umefunguka bila ufunguo

Wakuu, niliwauliza nifanyeje kwenye Amnesia: The Bunker, gemu ya kutisha ya Frictional Games ya 2023, ambayo unamkwepa zimwi ndani ya handaki la vita: mlango wa mbao umefungwa, risasi hazitoshi, na jenereta ya taa ikizimika zimwi halinipi nafasi. Nimeimaliza, asanteni sana.

Aliyeniambia niache kutafuta ufunguo alinisaidia kuliko wote. Mbao huvunjika, basi! Unaweza kutupa tofali, kurusha guruneti, au kusogeza pipa la mafuta hadi mlangoni na kulipiga risasi ukiwa mbali. Mimi nilichagua kelele. Nilijibanza, zimwi likaja mbio na kuubomoa lenyewe, kisha nikasubiri liondoke. Hakuna maelekezo yoyote yaliyonituma kufanya hivyo, na hapo ndipo gemu hii ilipoushika moyo wangu.

Kuhusu mafuta ya jenereta, ile saa ya mfukoni ni ya kuangalia kila mara, kwa sababu inaonyesha jenereta imebakiza muda gani. Mshale ukikaribia mwisho, rudi. Tochi nayo inachajiwa kwa kuvuta kamba, krrr, krrr, na sauti hiyo inasikika mbali. Vuta ukiwa umetulia, si zimwi likiwa jirani.

Mlioomba namba za kufungulia makabati, zangu hazitawafaa: hubadilika kila unapoanza upya. Zitafuteni kwenye vibati vya utambulisho vya askari waliokufa, mvigeuze nyuma.

Sasa naanza tena kwa kiwango kigumu. Aliyewahi kukimaliza aniambie alianzia upande gani.