Rangi ya midomo isiyojitangaza, kwa mwalimu wa sekondari Lubumbashi

Mwalimu wa Kampemba anauliza:

Ninawasalimu kwa heshima, mama zangu na yaya zangu. Mwanzoni mwa Septemba nitaanza kufundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, na ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo. Mkuu wa shule hakatazi walimu wanawake kujipamba, lakini alitueleza waziwazi kwamba hapendi midomo inayoingia darasani kabla ya mwenyewe. Sina ugomvi naye, kwa sababu ninachotafuta ni rangi itakayoufanya uso uonekane umeamka vizuri, bila mtu kutambua mara moja kwamba kuna kitu kimepakwa.

Ngozi yangu ni kahawia iliyokolea sana. Mdomo wa juu unakaribia weusi, na wa chini una waridi katikati, kwa hiyo rangi moja hutoa sura mbili. Madukani mjini, ukisema unataka rangi ya kawaida ya kila siku, muuzaji anakuletea beji, ile kahawia iliyofifia, na kila beji niliyopakwa hadi sasa imenitia majivu mdomoni. Isitoshe, tuko katikati ya kiangazi: vumbi jekundu liko kila mahali, asubuhi ni baridi, na midomo inapasuka hata kabla sijaigusa. Je, nichague rangi ipi, ya aina ipi, na nitaijaribuje dukani? Mshahara wa mwalimu mnaufahamu; siwezi kununua mbili kwa kubahatisha.

Mpambaji wa Kamalondo anajibu:

Dada mwalimu, hongera kwa kazi. Mimi hupamba maharusi, na beji hiyo unayoilalamikia ninakutana nayo mara kwa mara, kwa hiyo nianze nayo. Ili kupata kahawia nyepesi, kiwanda huchukua rangi nyekundu, ya njano na nyeusi zitokanazo na oksidi za chuma, kisha kinazififisha kwa unga mweupe wa dayoksaidi ya titani. Unga huo una nguvu kubwa ya kufunika. Juu ya mdomo wenye rangi hafifu huleta upole tu, lakini juu ya mdomo wa kahawia iliyokolea weupe wake hukutana na weusi wa chini, na macho huuona mchanganyiko huo kuwa kijivu. Ngozi yako haina kosa lolote hapo.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba rangi ya kawaida ya mtu haitafutwi shavuni mwake bali mdomoni mwake. Simama karibu na dirisha, uvute kidogo mdomo wa chini mbele ya kioo, utazame pale sehemu ya nje inapokutana na ile yenye unyevu. Rangi utakayoiona hapo, ikiongezwa ukolevu kidogo, ndiyo unayoitafuta. Kwa ngozi uliyoieleza, mara nyingi jibu hupatikana kati ya kahawia yenye wekundu, mdalasini uliokolea, kakao, zambarau iliyotulia na damu ya mzee iliyopakwa kwa wepesi. Najua ukiiona damu ya mzee ndani ya kasha lake utaogopa na kusema hiyo ni ya karamu. Hata hivyo, rangi inayotisha kwenye kijiti mara nyingi hutulia ikisambazwa kwa kidole, ilhali beji inayoonekana ya adabu kwenye kijiti ndiyo inayopiga kelele usoni.

Kuhusu kuchagua kati ya kahawia inayoelekea machungwa na ile inayoelekea zambarau, watu hupenda kutazama mishipa ya mkono, jambo ambalo kwenye ngozi nyeusi halisaidii sana kwa sababu mishipa yenyewe haionekani vizuri. Shika vijiti viwili, kimoja cha kila upande, ukasimame mlangoni pa duka na kukisogeza kila kimoja karibu na mdomo. Kimoja kitauchangamsha uso, na kingine kitaufanya uonekane umechoka. Usiamue chini ya taa, kwani taa nyeupe hupooza rangi na taa ya njano huipa joto ambalo haina, nawe utafundisha kwenye mwanga wa dirisha. Pia usikubali kupakwa nyuma ya kiganja, ingawa wauzaji hukimbilia hapo; ngozi ile haifanani na mdomo. Upande wa ndani wa ncha ya kidole uko karibu zaidi.

Sasa aina. Hadi mvua zirudi, achana na zile za maji zinazokauka na kubaki bila mng'ao wowote. Nyingi zina kiyeyusho kinachoruka hewani muda mfupi baada ya kupakwa na kuacha utando mkavu, na utando huo kwenye mdomo uliopasuka huingia katika kila ufa na kuuonyesha. Chukua ya kijiti, yenye mng'ao hafifu na isiyofunika sana. Namna ya kuitambua ni rahisi: nenda na karatasi ya daftari, upitishe kijiti mara moja juu yake. Ukiendelea kuona mistari ya karatasi chini ya rangi, hiyo itakufaa kwa kazi. Mistari ikipotea kabisa, hiyo ni ya sherehe.

Yaya wa Bel-Air anajibu:

Mdogo wangu, nimekuwa katibu ofisini chini ya wakurugenzi wa kila namna, na sikubaliani na mpambaji kwamba ni lazima ununue kijiti. Nunua penseli ya midomo ya kahawia iliyokolea, ambayo bei yake ni ndogo na ambayo, ukiichonga kwa uangalifu, hukaa muda mrefu. Usiku paka vaselini. Asubuhi ilainishe midomo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, uondoe magamba taratibu bila kuyang'oa, kisha uchore ukingo tu na kuusukuma wino kuelekea ndani kwa kidole mpaka mstari usionekane tena. Malizia kwa vaselini kidogo sana. Katikati ya mdomo wa chini itabaki na waridi yake yenyewe, na hiyo ndiyo itakayowafanya watu waamini kwamba hukupaka kitu.

Jambo jingine: acha kabisa kulamba midomo. Baridi ya Juni na Julai hutufanya tuilambe bila kujua, mate yanakauka haraka kwenye hewa hii, na midomo inabaki mikavu kuliko ilivyokuwa. Ukishindwa na hilo, hakuna rangi itakayokuokoa, iwe ya bei gani. Na usijidanganye kwamba wanafunzi hawataona. Watoto wa sekondari wanaona hata kifungo cha koti kilichobadilishwa. Usitafute kufichika kwao. Tafuta wasiwe na la kusema.

Mfamasia wa Bukavu anajibu:

Ninaandika kutoka Bukavu, ambako unyevu wa ziwa hutupunguzia shida ya midomo kupasuka lakini hautupunguzii shida ya bidhaa zisizo na maandishi. Ningependa kuongeza yale yanayohusu afya, kwa sababu kitu cha kila siku hupakwa mahali ambapo sehemu yake humezwa.

Ngozi ya mdomo ni nyembamba na, tofauti na sehemu kubwa ya uso, haina tezi za mafuta za kutosha kujilinda. Vaselini anayoisifu yaya ni nzuri, ila ieleweke kwamba yenyewe haileti maji, inayafungia yaliyopo. Kwa hiyo ipakwe mdomo ukiwa bado na unyevu wa kuoshwa. Siagi ya karite au nta ya nyuki hufanya kazi ya karibu na hiyo. Epuka bidhaa zenye mnanaa, pilipili au mdalasini ambazo huahidi kuujaza mdomo, kwani zinafanya hivyo kwa kuuwasha, na mdomo uliopasuka hauhitaji kuwashwa.

Juu ya unga mweupe alioutaja mpambaji, msomaji makini anaweza kufikiri kwamba inatosha kuutafuta kwenye orodha ya viambato, ambako huandikwa CI 77891, na kuikataa rangi yoyote iliyo nao. Haitasaidia. Viwanda vinaruhusiwa kuorodhesha viambato vya rangi mwishoni bila kufuata wingi wake, na mara nyingi huandika orodha moja kwa rangi zote za familia hiyo, ikitanguliwa na alama ya kujumlisha na kutoa. Damu ya mzee na beji zinaweza kubeba maandishi yaleyale. Orodha hiyo ina manufaa mengine: 77491, 77492 na 77499 ni oksidi za chuma, ilhali 75470 ni karmini, nyekundu inayotolewa kwa mdudu aishiye juu ya dungusi kakati, jambo ambalo mwenye mzio, au asiyekula wadudu, angependa kulijua.

Watu huuliza kuhusu risasi, yaani ile metali yenye sumu, ndani ya rangi za midomo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipima rangi za midomo 400, na kiwango cha juu kabisa kilichoonekana kilikuwa sehemu 7.19 kwa milioni. Kikomo ambacho mamlaka hiyo ilikuja kukipendekeza ni 10. Vipimo hivyo havisemi lolote juu ya kijiti kisicho na jina la kiwanda, namba ya toleo wala orodha ya viambato, na hicho mimi ningekiacha mezani kwa muuzaji hata kama rangi yake ni ile hasa uliyoiota. Tafuta pia mchoro wa kopo lililofunguliwa lenye 12M au 24M, yaani miezi ambayo bidhaa hudumu tangu ifunguliwe. Kijiti kinachonuka mafuta yaliyochacha kimekwisha, hata kama kimebaki nusu.

Tafadhali usijaribu moja kwa moja mdomoni kijiti cha maonyesho kilichogusa midomo ya wengine. Virusi vya malengelenge ya mdomo husambazwa kwa mgusano wa namna hiyo, na vikishaingia mwilini haviondoki. Na kwa kuwa umetaja mdomo wa juu kuwa mweusi, nitangulie kusema: kuna muuzaji atakayekuletea krimu ya kuufanya uwe waridi. Nyingi za krimu hizo hazisemi zina nini, na baadhi ya krimu za kung'arisha huwa na hidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, au zebaki. Mdomo wa rangi mbili si ugonjwa.

Mwanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) anajibu:

Ningependa kuzitetea kidogo zile za maji zisizong'aa. Januari, mvua zinaponyesha na midomo ni laini, hukaa asubuhi nzima bila kuchafua kikombe wala kola. Mpambaji alisema hadi mvua zirudi, nami ninakubaliana na mpaka huo.

Mwalimu wa Kampemba anajibu:

Ninawashukuru nyote, na hasa mfamasia, kwa sababu krimu hiyo nimeshaletewa kweli, na kwa ushawishi mkubwa. Yamebaki maswali mawili. Nikitumia penseli ya yaya pamoja na kijiti cha mpambaji, ipi iwe imekolea zaidi? Na adhuhuri, baada ya bukari (ugali) na sombe (kisamvu), nitafanyaje kabla ya vipindi vya mchana, ikizingatiwa kwamba kwenye chumba cha walimu hakuna kioo?

Mpambaji wa Kamalondo anajibu:

Penseli isizidi ukolevu wa mdomo wako wa juu, basi. Ikiuzidi, utapata ukingo mweusi na katikati nyepesi, mtindo ambao una wapenzi wake lakini utaonekana hadi dawati la mwisho. Kijiti kiwe kati ya penseli na ile rangi uliyoiona ndani ya mdomo. Usijaribu kuupa mdomo wa juu wepesi ufanane na wa chini. Fanya kinyume chake. Gusisha rangi kwa kidole katikati ya mdomo wa chini, penye waridi, kisha ufumbe midomo na kuibana pamoja, ili wa juu upokee mabaki tu. Bana karatasi laini kati ya midomo, uongeze tabaka jingine jembamba. Matabaka mawili membamba hukaa kuliko moja nene, na hayahamii kwenye meno.

Kuhusu sombe, ikiwa imepikwa kwa mawese, mafuta yake yatayeyusha rangi ya kijiti chochote, kwa kuwa kijiti chenyewe ni nta na mafuta. Kosa la wengi ni kupaka juu ya mafuta hayo, na rangi inateleza hadi pembeni ya mdomo. Futa kila kitu kwa karatasi, kunywa maji, usubiri kidogo, kisha upake kwa kidole kama asubuhi, bila penseli. Hapa ndipo utaona faida ya rangi iliyo karibu na yako: ukiikosea kidogo bila kioo, hakuna atakayegundua, na ikiisha huisha polepole pande zote bila kuacha duara. Kuanzia Septemba joto likipanda, usikiache kijiti ndani ya gari lililoegeshwa juani wala kwenye dirisha la darasa. Kikitoa matone ya mafuta juu yake, kifute tu. Kikilainika mpaka kinapinda, kiweke mahali penye ubaridi kwanza kabla ya kukigusa.

Ukienda soko la Mzee Kabila, nenda asubuhi, wakati wauzaji wana subira na mwanga ni mzuri, ukiwa na karatasi yako ya daftari na mdomo usiopakwa kitu. Omba ruhusa ya kutoka na kijiti hadi mlangoni. Akikataa, au akikazania kwamba taa yake inatosha, mshukuru uende kwa jirani yake.